Bangi ya Nyumbani Matulo: Kutoka Mlangoni hadi Chumbani

Bangi ilianza maisha yake Afrika Mashariki ikiwa mmea wa nyumbani. Haikuwa zao la shamba kubwa, wala haikuwa bidhaa ya magendo. Asili yake ni Asia ya Kati. Ilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara wa Bara Hindi na Uarabuni, ikashuka katika bandari za pwani, kisha ikapanda bara polepole, mbegu ikipita kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Vichwa viwili vya viko vilivyochimbuliwa katika pango la Lalibela nchini Ethiopia vilikutwa na masalia ya bangi iliyovutwa, na umri wake umekadiriwa kuwa wa karne ya 14. Wakati huo tumbaku ilikuwa bado ng'ambo ya bahari, huko Amerika. Wareno walipoileta Afrika karne mbili hivi baadaye, ilikuta watu wanaojua tayari kuvuta moshi, na kiko kikiwa kimekwisha kuchongwa.

Kumbukumbu za wasafiri zinaonyesha mmea uliokaa karibu na watu. Padre Mreno João dos Santos, katika kitabu kilichochapishwa 1609, aliandika juu ya watu wa kusini mashariki mwa Afrika waliopanda bangi na kula majani yake. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliikuta ikiota milangoni mwa nyumba za watu, ikivutwa kwa kibuyu chenye maji. Kauli hiyo ya mlangoni ina maelezo mepesi. Bangi hupenda udongo uliolishwa samadi na majivu, na udongo wa namna hiyo katika boma la zamani ulikuwa kando ya zizi, nyuma ya jiko na kwenye jalala. Mbegu iliyoanguka hapo haikuhitaji mkulima wa kuihangaikia.

Mahali pachache paliipa bangi cheo kikubwa kuliko hicho. Katika Kasai, Kongo, miaka ya 1870 na 1880, chifu Kalamba Mukenge wa Bashilange aliwakusanya watu wake katika chama kilichoufanya uvutaji wa pamoja kuwa ibada ya amani na alama ya uraia. Mjerumani Hermann von Wissmann alipita kwao 1881 akakiona. Kwingine kote bangi ilibaki mmea wa pembeni, wenye shina moja au mawili, wa mzee fulani aliyejulikana.

Njia iliyoiunganisha pwani na nchi ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya misafara ya pembe za ndovu. Kufikia miaka ya 1880 wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa na kituo Kwa Sundu, mji ambao baadaye uliitwa Mumias kwa jina la Mumia, mtawala wa Wanga. Kutoka hapo walielekea kaskazini, wakipita nchi ya Wabukusu hadi miteremko ya Mlima Elgon. Upande wa pili, njia za Uganda zilileta bidhaa na desturi za Buganda na Busoga. Jina njaga, yaani bangi, linasikika Buganda, Uluhyani na hata kwa Waluo, ingawa hao wa mwisho ni wa lugha ya ukoo mwingine kabisa.

Matulo iko katikati ya nchi hiyo, kilomita chache magharibi mwa Webuye, kando ya barabara kuu inayokwenda Bungoma na Malaba. Iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, kwenye kimo cha karibu mita 1,500. Mvua ni nyingi, udongo ni mzuri, na urefu wa mchana hautofautiani kwa zaidi ya dakika tano mwaka mzima. Jambo la mwisho huonekana dogo, lakini ndilo litakalomtesa mpandaji wa chumbani karne moja baadaye.

Wabukusu wa mwisho wa karne ya 19 waliishi katika ngome zilizozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza chini ya C. W. Hobley, yakisaidiwa na askari wa Mumia, yalizivunja ngome za Lumboka na Chetambe. Chetambe ni kilima kinachoinuka juu ya Webuye, si mbali na Matulo. Baada ya ngome kuanguka, watu walitawanyika wakajenga maboma yaliyotengana, kila kaya na shamba lake. Mzee alikuwa na ua wake, zizi lake, na kivuli chake cha kunywea busaa kwa mirija mirefu iliyotumbukizwa katika chungu kimoja. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabukusu na Walogoli katika miaka ya 1930, aliieleza kwa kirefu meza hiyo ya wazee isiyo na meza. Starehe za kileo na moshi zilikuwa na mahali pake, saa yake na umri wake, na aliyezisimamia alikuwa mwenye boma.

Serikali ya kikoloni ilikuja na msimamizi mwingine. Sheria ya kuzuia matumizi mabaya ya afyuni, iliyopitishwa 1913 na kuanza kutumika 1914, iliiweka bangi katika kundi moja na afyuni katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Kuna kejeli hapa. Himaya hiyo ilikuwa ikitumia sheria nyingi zilizotungwa kwa ajili ya Bara Hindi, na Bara Hindi lenyewe lilikuwa likiuza bangi kwa leseni. Tume iliyoundwa huko 1893 kuchunguza suala hilo ilitumia miezi mingi kuhoji mashahidi zaidi ya elfu moja, na ripoti yake ya 1894 ikashauri kodi na udhibiti badala ya marufuku. Afrika Mashariki ilipata marufuku bila kupata tume.

Marufuku ya kimataifa ilifuata. Katika mkutano wa afyuni wa Geneva, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alishikilia kwamba bangi na hashishi ziwekwe katika mkataba, na mkataba wa 1925 ukazitia. Kuanzia hapo kila koloni la Kiingereza lilikuwa na sababu ya nje ya kudumisha sheria yake ya ndani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulikaza fundo hilo, na nchi zilizopata uhuru zikarithi mafaili pamoja na afisi.

Lakini kijijini mkataba wa Geneva haukuwa na miguu. Aliyekuwa na miguu ni chifu. Katika nchi ya Wabukusu machifu wa kwanza waliwekwa na wakoloni: Murunga, ndugu yake Mumia, alipewa upande wa Kimilili, na upande wa kusini baadaye ukawa chini ya Sudi Namachanja, baba yake Kardinali Maurice Otunga. Sheria ya mamlaka ya machifu ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri kuhusu ulevi, kukata miti, kuchoma nyasi, na pia kuzuia kupandwa kwa mimea yenye sumu au madhara. Kifungu hicho kilidumu hadi baada ya uhuru. Kwa hiyo shina la bangi mlangoni lilikuwa kosa ambalo askari wa chifu angeweza kuliona bila kushuka kwenye baiskeli. Hapo ndipo mmea ulipoanza kuhama.

Kituo chake cha kwanza cha maficho kilikuwa mahindi. Mahindi yalienea Trans Nzoia na Bungoma hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilipowagawia askari wastaafu wa Kizungu mashamba kuzunguka Kitale, na reli ilipofika: tawi la Kitale lilikamilika 1926, na njia ya Uganda ikapita Webuye na Bungoma miaka hiyo hiyo. Vibarua wengi wa mashamba hayo walikuwa Wabukusu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale 1956, na mbegu chotara ya kwanza ya nyanda za juu, H611, ikatolewa 1964. Ndugu zake waliofuata, H614 ikiwa maarufu kuliko zote, hukua hadi kumzidi mtu mrefu aliyenyoosha mkono. Watafiti wa Kitale walitafuta mavuno, wakayapata. Bila kukusudia, waliwapa wapandaji wa bangi pazia bora kuliko ukuta.

Pazia hilo lilikuwa na tarehe zake. Mahindi ya ukanda huu hupandwa Machi au Aprili mvua zinapoanza, na huvunwa kuanzia Oktoba. Yakishakatwa na kusimamishwa kwa mafungu shambani, shamba hubaki wazi, na mmea wowote wa kijani uliosalia katikati ya mabua makavu huonekana tangu barabarani. Bangi ya asili ya ikweta huchelewa kukomaa, kwa hiyo mara nyingi ilikuwa bado imesimama pazia lilipoanguka. Kukamatwa kwingi kwa msimu wa mavuno kunaeleweka kwa hesabu hiyo pekee.

Miwa ilirefusha muda. Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoanzishwa 1975 na kuanza kusaga 1978, iliwafanya wakulima wa maeneo ya Bungoma na Webuye kugeuza sehemu ya mashamba kuwa ya miwa, na miwa hukaa shambani kati ya miezi 18 na 24. Ndani ya miwa hapapiti mtu bila sababu. Jani lake hukata ngozi, nyoka wamo, na mstari wa mbele hauonyeshi mstari wa tatu.

Katika miongo hiyo hiyo bangi ilibadilika kuwa biashara. Miji ilikua, barabara kuu ya Malaba ikajaa malori, na muziki wa reggae ukawapa vijana wa matatu na mitaani lugha mpya ya kuisifia. Mzee wa shina moja alibaki, lakini soko halikumtegemea tena. Lilitegemea mashamba ya Kuria, magunia yaliyovuka mpaka kutoka Uganda, bangi ya Shashamane kutoka Ethiopia, na misitu. Uchunguzi wa ndege uliofanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori 1999 juu ya Mlima Kenya ulikuta takriban hekta 200 za bangi ndani ya msitu wa hifadhi. Huko hapakuwa na mlango wala boma. Aliyelima hakuwa mwenye ardhi, na aliyevuta hakumjua aliyelima.

Sheria ya Udhibiti wa Mihadarati na Dawa za Kulevya ya 1994 iliandikwa kwa kumlenga mfanyabiashara wa namna hiyo, ikachukua nafasi ya sheria ya zamani ya dawa hatari. Ilitoza ulanguzi kifungo cha maisha. Kwa kilimo, kifungu cha 6 kiliweka faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea, kiasi kilicho kikubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Mwenye ardhi anayeruhusu mmea huo upandwe kwake ana hatia pia. Marekebisho ya 2022 yalishughulikia zaidi umiliki na ulanguzi.

Kupanda bangi ndani ya nyumba hakukuzaliwa Kenya. Kulizaliwa Amerika Kaskazini na Uholanzi, na mama yake ni helikopta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashamba ya Mexico yalinyunyiziwa dawa ya kuua magugu iitwayo parakwati, na Wamarekani wakaogopa kuvuta sumu. Mwaka 1983 California ilianza kampeni ya kung'oa bangi milimani kwa kutumia ndege. Wapandaji wakaingia vyumbani, wakawasha taa za sodiamu zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya barabara na maghala. Kwa kuwa chumba kina dari, walizalisha aina fupi zinazokomaa haraka, wakichanganya mbegu za milima ya Hindu Kush na zile ndefu za nchi za joto. Baridi ya kaskazini nayo iliwasukuma: Vancouver au Amsterdam haina jua la kutosha wakati wa Desemba. Chumba kilikuwa jibu la polisi na la majira kwa pamoja.

Matulo haina majira hayo. Lililoletwa na simu za mkononi na video za intaneti kwa vijana wa Bungoma, Kitale na Nairobi ni jibu lililotungwa kwa swali la nchi nyingine. Katika miaka ya karibuni vyombo vya habari vya Kenya vimeonyesha mara kadhaa mimea iliyokutwa kwenye ndoo, madebe na mitungi ya maua ndani ya nyumba za kupanga, na aliyekamatwa mara nyingi ni mwanagenzi mwenye mimea michache.

Masaibu ya mwanagenzi huyo yanatabirika, na mengi hutokana na zile dakika tano za tofauti ya mchana. Mbegu ya kienyeji, iliyotolewa ndani ya msokoto na kufukiwa katika mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku karibu na dirisha, ni ya ukoo uliozoea ikweta kwa karne nyingi. Haina haraka ya kuchanua, na nje hupita mita tatu bila taabu. Ndani ya chumba cha mabati hurefuka ikifuata mwanga, shina likiwa jembamba kama utambi, hadi kilele kigonge paa na kuungua kwa joto la mchana. Mbegu ya kigeni iliyoagizwa kwa siri hufanya kinyume chake. Imezaliwa kwa ajili ya nchi ambako mchana wa saa 12 ni ishara kwamba kiangazi kimekwisha, na Matulo kila siku ni ya saa 12. Basi huchanua ikiwa bado fupi, kabla haijawa mmea wa kumfaa mtu. Kisha kuna jinsia. Bangi ina mti dume na mti jike, na miche yake haitofautiki kwa macho. Anayeanza hutunza dume kwa miezi kadhaa akidhani amebahatika, na chavua yake hulijaza jike lililo jirani mbegu tupu. Wazee wa mlangoni hawakujali mbegu, kwa sababu kesho yao ilikuwa ndani ya hizo mbegu.

Taa ndiyo gharama inayomaliza mjadala. Taa ya kawaida ya wati 600 ikiwaka saa 12 kwa siku hula uniti 7.2, yaani uniti 216 kwa mwezi. Ushuru wa umeme wa Kenya uliotangazwa 2023 uliiweka kaya ya kiwango cha chini kuwa ile inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Chumba kimoja cha mwanagenzi kingekula stima ya kaya saba za namna hiyo, tena mahali ambapo stima hupotea mvua ikinyesha. Taa za kisasa za LED zimepunguza hesabu hiyo bila kuifuta. Mtu anayelipia jua la bandia katika nchi yenye jua la bure saa 12 kila siku hanunui mwanga, ananunua giza la kufichia.

Hata giza hilo halifichi harufu. Nyumba za kupanga za Webuye au Kitale hugawana paa, na ukuta wa kutenganisha vyumba mara nyingi hauifikii dari. Mmea unaochanua hunukia kwa wiki kadhaa kabla haujakatwa. Tangu 2013 serikali imewahimiza majirani kujuana kwa mpango wa Nyumba Kumi, na chifu wa leo hahitaji baiskeli. Jirani humpigia simu.

Nchi nyingine zimeurudisha mmea nyumbani kwa sheria. Mnamo Septemba 18, 2018, Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini, katika hukumu iliyosomwa na Naibu Jaji Mkuu Raymond Zondo, iliamua kwamba mtu mzima anaweza kupanda na kutumia bangi faraghani kwake. Mmoja wa walioanzisha kesi hiyo, Gareth Prince, ni Mrasta aliyepigania suala hilo kwa miaka 20. Kanada iliruhusu mimea minne kwa kaya mwaka huo huo, na Ujerumani ikaruhusu mimea mitatu kwa mtu mzima kuanzia Aprili 1, 2024. Mkenya anayeishi Toronto au Berlin anaweza hivyo kuweka dirishani mmea ambao ndugu yake wa Bungoma angefungwa kwa ajili yake. Lesotho, Zimbabwe, Malawi na Rwanda zimechagua njia tofauti: leseni za kilimo cha tiba na cha kuuza nje. Njia hiyo humpendelea mwenye mtaji na uzio wa umeme, wala haimrudishii mzee shina lake la mlangoni. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi zilizohesabiwa kutofaa kwa tiba, lakini ikaiacha chini ya udhibiti wa mkataba wa 1961.

Kenya imejadili zaidi ya ilivyobadilisha. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alitangaza 2018 nia ya kupeleka bungeni mswada wa kuihalalisha bangi. Alifariki Julai 2019. Katika uchaguzi wa 2022 Profesa George Wajackoyah, mtu wa magharibi mwa Kenya, aligombea urais kwa chama cha Roots, akiahidi kwamba bangi ingelipa deni la taifa. Mikutano yake ilijaa. Kura alizopata ni 61,969, chini ya nusu ya asilimia moja. Marasta walichagua mahakama badala ya sanduku la kura: baada ya Mahakama Kuu kutambua 2019 kwamba Urasta ni dini, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake, chama chao kiliwasilisha ombi 2021 kikitaka kuruhusiwa kutumia bangi kwa ibada faraghani, kikitegemea vifungu vya Katiba ya 2010 vya uhuru wa kuabudu na haki ya faragha.

Kifungu cha 6 cha sheria ya 1994 hakitaji ekari wala idadi ya mashina. Kwa maneno yake, mwenye mche mmoja katika mkebe chumbani Matulo na mwenye shamba lililofichwa msituni wanashtakiwa kwa kosa moja, na kikomo cha adhabu yao ni kile kile cha miaka 20.